Uji Uliovuka Kizingiti

Sikuwa na ndugu katika mji ule. Sikuwa na mtu aliyeniona nikiwa mtoto, wala aliyewahi kula kwa mama yangu, wala anayejua kwamba kovu la kidevuni mwangu lilitokana na kuanguka juu ya jiwe la kusagia. Sikuwa na kioo. Sikuwa na mke wa kuniambia jana nilikuwaje. Sikuwa na mizaha ya wenyeji, ile ambayo mmoja huitaja nusu na wenzake wakaimaliza kwa kicheko. Sikuwa na mlango unaotambulika, kwa kuwa milango yote ya safu ile ilipakwa rangi moja ya buluu, na makomeo yake yalifuliwa na mhunzi mmoja. Sikuwa na adui, na huo nao ni upungufu, maana adui angalau hukuchunguza akakujua. Sikuwa na hofu. Hiyo nililetewa ndani, kwenye bakuli.

Nilikuwa na kazi yangu tu. Nashona magodoro ya sufi. Nachambua mbegu, nashindilia sufi ndani ya kitambaa cha mistari, kisha nafunga kwa sindano ndefu ya magunia. Ni kazi ya mtu anayejiheshimu, kwa sababu kosa lake halionekani mchana, bali mtu akishalala. Niliiamini akili yangu kama nilivyoiamini sindano ile: inaingia hapa, inatokea pale, na uzi unashika.

Mji wenyewe siutaji kwa jina, kwani sikumbuki kuambiwa jina lake. Wakati wake wote ulikuwa alasiri. Najua hilo linavyosikika. Niliingia alasiri, nikalala, nikaamka, ikawa alasiri. Kivuli cha kisima kililala uwanjani kikielekea safu yetu ya nyumba, na sikukiona kikihama. Watu walikula, wakazaa, wakazika ndani ya mwanga uleule wa manjano, wala hakuna aliyelalamika. Nami sikulalamika. Mgeni hajui ni lipi la kushangaza na lipi ni desturi.

Ndipo walipobisha hodi.

Aliyetangulia alikuwa mama mtu mzima, Bi Chausiku, ambaye baadaye nilijua kwamba ndiye anayeongoza kila msafara wa kujulia hali wagonjwa. Alibeba bakuli la uji lililofunikwa kawa. Nyuma yake walikuwa wanawake na jamvi, na wanaume wachache waliovua viatu mapema kuliko kawaida. Hakuna aliyeinua macho. Wote walitazama miguu yangu.

"Pole, Sudi," akasema Bi Chausiku. "Pole, baba. Tumesikia."

"Shikamoo, mama. Mimi si Sudi. Naitwa Mbaruku, fundi magodoro. Nimehamia hapa karibuni tu."

Akavuta pumzi kwa huruma, akaigeukia miguu ya wenzake. "Mnamsikia? Hata jina limemtoka."

"Liache limtoke," akasema mzee mmoja mfupi, Mzee Feruzi, ambaye alikuwa na ruhusa ya kumtania kila mtu mjini. "Jina lenyewe lilikuwa limechakaa. Mimi ningepewa jina kama lile ningeugua nikiwa bado nanyonya."

Wakacheka. Nami nikacheka kwa adabu, nisije nikaonekana najivuna. Kicheko chao kikakatika palepale.

"Anacheka," akanong'ona mwanamke mmoja, "na anayeumwa ni yeye."

Walikuwa wamekwisha kuvuka kizingiti. Bi Chausiku aliliweka bakuli chini, akafunua kawa, na harufu ya pilipili manga ikajaa chumba. Niliunywa uji ule. Uliunguza ulimi, lakini niliumaliza wote, kwa sababu nilifundishwa kwamba chakula cha mgeni wako hakikataliwi. Kila nilipomeza, wale wanawake walitikisa kichwa kwa kuridhika, kama watu wanaoshuhudia ndoa.

Nieleze kosa lilikuwa wapi, nisimchoshe msomaji. Mgonjwa alikuwapo kweli, naye aliitwa Sudi, na aliishi mlango wa tatu kutoka kisimani. Mimi niliishi mlango wa pili. Watu wa mji ule wanaamini kwamba ugonjwa wa akili hupita machoni, kwa hiyo mtu akishasemwa kuwa anaumwa kichwa chake, hakuna amtazamaye usoni tena. Humwendea wakiwa wameinamisha macho, na husema na miguu yake. Walikuwa wameishi na Sudi miaka mingi, lakini siku waliposikia anaumwa uso wake ulifutika. Wakaja na nyuso chini, wakakosea mlango mmoja, wakakuta miguu miwili, na miguu ni miguu. Tena wana sharti jingine. Chakula cha mgonjwa kikishavuka kizingiti hakirudishwi nje, na anayekirudisha hubeba ugonjwa wenyewe mikononi. Kwa hiyo hata yule ambaye angegundua kosa angeogopa kosa hilo kuliko alivyoniogopa mimi.

Tangu hapo kila aliyepita aliniambia pole. Muuza mkaa aliniambia pole. Watoto waliacha kucheza nilipotoka, wakasimama ukutani wakaiambia miguu yangu pole, kwa sauti moja, kama wanavyoimba hesabu. Mwanamke aliyeniagiza godoro la arusi alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijashonwa. "Si kwa ubaya, Sudi," alisema. "Lakini bibi arusi ataota nini?"

Nataka kusema juu ya neno hilo, pole, kwa kuwa nimelifikiria kuliko mtu yeyote niliyemsoma. Ni neno jema. Halina meno wala makucha. Mtu akikutukana, unajua pa kusimama. Unarudisha, au unaondoka. Mtu akikuambia pole utafanya nini? Utasema ahsante. Na ukisema ahsante umekubali kwamba lipo la kupewa pole. Nilisema ahsante asubuhi ambayo ilikuwa alasiri, nikasema ahsante mchana ambao ulikuwa alasiri, na kila ahsante ilikuwa kamba nyembamba niliyojifunga kwa mkono wangu. Nikaacha kusema ahsante. Wakasema: sasa hali imezidi, hata shukrani zimemtoka.

Nikatembea polepole ili nionekane mtulivu. Wakasema ananyata. Nikatembea haraka. Wakasema anakimbizwa. Nilipokaa kimya walisema anasikiliza, wakaulizana anasikiliza nini. Nami nikaanza kujiuliza ninasikiliza nini.

Mkono wangu. Niliutazama mkono wangu wa kulia ukishika sindano. Ulitetemeka. Je, ulikuwa ukitetemeka zamani? Nani alikuwapo zamani? Niliuweka chini, nikauinua. Ukatetemeka. Labda kila mkono hutetemeka ukitazamwa hivyo. Labda akili ya kila mtu ni sufi iliyoshindiliwa, na hakuna ajuaye mshono wake ukoje mpaka watu wote wakae juu yake kwa pamoja. Niliita jina langu kwa sauti, Mbaruku, na likasikika kama jina la mtu niliyewahi kufanya naye kazi mahali fulani, mtu mzuri, sijui alikwenda wapi.

Hapo ndipo niliposikia kilio upande wa pili wa ukuta.

Kilikuwa kilio cha mwanamke anayejiziba mdomo. Nikatoka, nikagonga mlango wa tatu. Ukafunguliwa kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu uji ule mtu alinitazama usoni. Alikuwa mwanamke kijana mwenye macho mekundu. Akanivuta ndani kwa shati, akafunga.

"Shemeji, nisamehe," akasema kabla sijafungua kinywa. "Naitwa Radhiya, mke wa Sudi. Najua wamekwenda kwako. Niliwaona wakipita mlango wangu, nikanyamaza."

"Dada, kwa nini? Mumeo ndiye wanayemtafuta."

"Kwa hiyo niwaambie waje wamchukue? Unajua wanawapeleka wapi?"

Sikujua. Akaniambia. Nyuma ya soko kuna jengo jeupe waliloliita Nyumba ya Utulivu. Ndani yake kuna magogo marefu yaliyotobolewa, ya mkatale, na mgonjwa hutiwa mguu kwenye tundu, likafungwa kwa kabari. Hunyolewa kichwa. Hukaa hapo mpaka atakaposema "nimetulia" kwa sauti inayomridhisha Mtuliza, msimamizi wa nyumba hiyo, na wengi husema, lakini kufikia hapo hawana tena mahali pa kwenda na utulivu wao.

"Nilijiambia wewe una akili zako," alisema Radhiya. "Nikasema, huyu mgeni ataweza kuvumilia. Mume wangu hawezi. Ndiyo dhambi yangu, shemeji. Nipige ukitaka."

"Yuko wapi?"

Sudi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta uleule ambao mimi, kwa upande wangu, huuegemezea magodoro. Alikuwa amekonda hata shingo yake ilionekana kama ya mtu mwingine. Mbele yake palikuwa na sahani ya wali uliokauka.

"Hali chakula," akasema Radhiya. "Anasema maiti hawali."

Sudi akaniinulia uso. Hakuonekana mwenye huzuni. Alikuwa na subira, na subira ile iliniogopesha kuliko gogo.

"Umefika," akaniambia. "Nimekuwa nikisikia wanavyokujia. Pole, Sudi, pole, Sudi. Basi Sudi ni wewe."

"Sudi ni wewe, ndugu yangu."

"Hapana. Fikiri vizuri, maana unaonekana mtu wa kufikiri. Mtu akiwa mzima husalimiwa. Akiwa mgonjwa hujuliwa hali. Mimi sisalimiwi wala sijuliwi hali. Wanapita mlangoni kwangu na uji. Sasa nimebaki kuwa nini? Nimetafuta neno jingine sikulipata." Akatabasamu. "Usijali. Hapa hapaumi. Marehemu baba yangu ananiita kisimani, ananiambia huko ndiko wenzangu waliko. Namngoja Radhiya asinzie tu."

Radhiya akageukia ukuta.

Nami, niliyejivunia akili yangu, nilitafuta kosa katika hoja ile na sikuliona. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilimwona mtu aliyefutwa kwa kukosa kuambiwa neno lilelile lililokuwa linanifuta mimi kwa kuambiwa mno. Tulikaa tukitazamana, na kwa muda sikuweza kusema ni yupi kati yetu aliyeegemea ukuta. Nikaingiwa na swali ambalo bado sijalijibu: je, mtu yumo ndani ya ngozi yake, au yumo vinywani mwa majirani, na ngozi ni gunia la kumbebea tu?

"Kuna dawa?" nilimuuliza Radhiya, ili nisikie sauti yangu.

"Ng'ambo ya uwanda wa chumvi yuko daktari mwanamke, Daktari Salha. Mdogo wangu aliolewa huko, akaugua hivihivi. Akapewa vidonge. Akawa anakaa na daktari wakizungumza, miezi na miezi. Sasa anapika, anagombana na mawifi zake kama kawaida. Lakini daktari haji asipoandikiwa, na mpeleka barua wa mji huu havuki chumvi ila kwa barua ya mgonjwa anayeingia gogoni. Mgonjwa huruhusiwa barua moja. Hakuna anayeisoma. Wanaogopa maneno yake kama wanavyoogopa macho yake."

"Na wewe ukisema mumeo ndiye mgonjwa?"

"Watamkamata kwanza. Barua ataiandika nani? Yule?" Akanyoosha kidevu kumwelekea Sudi. "Anasema maiti hawaandiki."

Nilirudi kwangu bila kuahidi kitu. Siogopi kusema hivyo. Nilikuwa na kaka, Hamadi, katika mji niliotoka, ambao nao uko ng'ambo ya chumvi. Kaka yangu angekuja, angesimama uwanjani na sauti yake ya mnadi, angeniita kwa jina langu na jina la baba yangu na la babu yangu, na hakuna kiongozi wa uji angeweza kumpinga. Barua moja kwake ingetosha. Nilijua pia kitakachofuata. Mji ukishakubali kwamba mlango wa pili haukuwa mlango wenyewe, utapiga hatua chache kwenda kwenye mlango wa tatu, ukiwa na aibu na hasira ya kukosea, na gogo likiwa tayari wazi.

Mtuliza alikuja mwenyewe kunipima. Jina lake ni Ngwali, mtu mrefu mwenye sauti laini na viatu safi. Bi Chausiku na Mzee Feruzi walimfuata. Alikaa kwenye jamvi, akaitazama miguu yangu kwa upole mkubwa.

"Jina lako nani, baba?"

"Mbaruku."

"Nani mwingine anasema hivyo?"

"Hapa, hakuna."

"Na wangapi wanasema wewe ni Sudi?"

"Wote."

"Sasa nikuulize kama rafiki," akasema Ngwali. "Ukimwona mtu mmoja anatembea kinyumenyume katikati ya watu wote wanaokwenda mbele, utasema mji mzima ndio unaokosea njia?"

"Inategemea njia inakwenda wapi."

Bi Chausiku akasonya kwa huzuni. "Alikuwa mtu mpole, huyu. Hakuwa na majibu."

"Kukataa ndiyo homa yenyewe," Ngwali aliniambia, na nasema kwa haki kwamba hakuwa akinidhihaki. Aliamini kweli. "Ukikubali, homa inaanza kushuka. Hatukuadhibu, baba. Tunakupunguzia. Mtu anateseka kwa sababu anabeba peke yake jambo ambalo wenzake hawalibebi. Liweke chini."

Jambo la kutisha ni kwamba nilitaka kuliweka chini. Nilihisi jinsi ingekuwa rahisi. Kusema ndiyo, kuitwa, kulishwa, kuwa na mji mzima unaojua mimi ni nani. Tangu nizaliwe hakuna watu wengi kiasi kile waliowahi kunishughulikia.

Wakanipeleka. Nyumba ya Utulivu ilikuwa safi, ikinuka chokaa. Watu walikuwa wamekaa kwenye gogo refu, vichwa vimenyolewa, na kila nilipompita mmoja alisema "nimetulia," bila kuulizwa. Ngwali akaenda kutafuta kabari ya saizi ya mguu wangu. Bi Chausiku akaketi mlangoni akinisomea dua. Mzee Feruzi aliachwa anisimamie, akaniletea karatasi, kalamu na bahasha.

"Barua yako," akasema. "Moja tu. Usiandike ndefu, mpeleka barua analalamika mgongo."

Halafu akafanya jambo ambalo, mbali na Radhiya na mumewe, hakuna mtu wa mji ule aliyelifanya. Aliinua macho, akanitazama usoni.

"Unamtazama mgonjwa, mzee," nikamwambia.

"Namtazama fundi magodoro," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikutazama hata siku ile ya uji. Mimi jicho langu moja halisikii amri. Sudi ana pengo la jino hapa mbele, wewe huna."

"Ulijua!" Nilimshika mkono. "Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani, mwanangu? Nisimame pale niseme mmekosea mlango?" Akacheka kicheko kikavu. "Wangegeuka wote, wakaangalia miguu yangu, wakaniambia pole."

Niliuachia mkono wake. Tukasikia nyundo ya Ngwali ikijaribu kabari chumba cha pili.

Nikaandika jina la kaka yangu juu ya karatasi. Hamadi. Nililitazama mpaka herufi zikaanza kucheza. Nilijiambia kwamba mtu ana haki ya kujiokoa, na ni kweli, anayo. Nilijiambia kwamba Sudi hakunituma. Ni kweli pia. Kisha nikamsikia tena jinsi alivyosema anamngoja mkewe asinzie, kwa subira ile, na nikajua kwamba barua ya kaka yangu ingefika, kaka angekuja, nami ningetoka mji ule nikiwa Mbaruku kamili mwenye nasaba yake yote, na maisha yangu yote yaliyobaki ningesikia mtu akivua viatu kando ya kisima.

Nililikata jina la Hamadi. Niligeuza karatasi, nikaandika haraka, mkono ukitetemeka, na mara hii sikujiuliza kama ulitetemeka zamani.

"Kwa Daktari Salha. Mwenye kuumwa anaitwa Sudi. Ukiuliza njiani watakuleta kwangu, usiwasikilize. Nenda mpaka kisimani, hesabu milango, gonga wa tatu. Ndani kuna mtu anayeamini amekufa kwa sababu hakuna aliyemjulia hali. Hali chakula na anaitwa kisimani na sauti ya baba yake. Mkewe anaogopa, ni mwaminifu, msaidie. Ukiingia mtazame usoni, umsalimie kwa jina lake kabla ya dawa yoyote. Njoo upesi. Mimi ni jirani yake. Nikiwa bado nakumbuka jina langu utakapopita hapa, nitakutajia. Nikiwa nimesahau, muulize Mzee Feruzi, kama atathubutu."

Nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha, nikapitisha ulimi kwenye gundi. Ulimi ulikuwa mkavu kabisa. Nilijaribu tena. Hofu ilikuwa imeninyonya mate yote, na karatasi ikafunguka kila nilipoibana. Chumba cha pili nyundo ilinyamaza.

"Lete," akasema Mzee Feruzi.

"Ni ya mgonjwa, mzee. Utaigusa kwa kinywa chako?"

Safari hii hakutania. Alimtupia jicho Bi Chausiku aliyekuwa amefumba macho katika dua, akailamba bahasha kutoka pembe hadi pembe, akaibana kwa dole gumba kwa nguvu hata ukucha ukageuka mweupe.

Mpeleka barua aliingia kinyumenyume, kama sharti lao linavyotaka, mkono wake ukiwa umenyooshwa nyuma, kiganja wazi. Nikaiweka barua kiganjani mwake. Akafumba vidole, nami nikajikuta bado nimeishika pembe moja. Akavuta. Nikaishikilia. Akavuta tena, kwa upole, bila kugeuka, nami nikaiachia.